Mwaka Tulipokata Michungwa

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na robo alasiri, katika wiki ambayo mvua zilianza kuchoka, mwaka 1976. Saa naijua kwa hakika kwa sababu niliiandika siku ileile katika daftari langu, lile lililokuwa likilala chini ya godoro na ambalo hakuna aliyejua habari zake. Kengele ya kazi za mikono ilikuwa imelia. Mwalimu Haule alipiga goti kwenye udongo mwekundu wa kitalu, akashika mche wa mlimau kama mtu anayeshika mkono wa mtoto, akauchana gome kwa kisu kidogo, mkato mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Harufu ikatoka. Sijui niielezeje. Ni harufu kali na tamu kwa pamoja, kama limau lililokamuliwa karibu na moto wa kuni mbichi, inapanda puani na kukaa huko mpaka usiku. Tulikuwa wasichana kumi na tisa tumechuchumaa tukimzunguka, magoti yakigusana, na hakuna aliyekohoa. Akatoa jicho la mchungwa kwenye gunia bichi, kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akalichomeka ndani ya ule mkato, akalifunga kwa ukanda wa nailoni. "Basi," akasema, "mama amebebeshwa mtoto asiye wake. Tuone kama atamkubali." Hivyo ndivyo Chama cha Matunda cha shule yetu kilivyoanza, pale Kasulu, kwenye mteremko unaoshuka kutoka mabwenini kwenda kijitoni.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Nyumbani kwetu ni Murungu, upande wa Kibondo, na kufika shuleni ilinibidi nikae siku nzima juu ya lori, nimekalia magunia ya maharage, na kitambaa kimefunika pua kwa ajili ya vumbi. Nilikuwa na haya ya kupita kiasi. Mwalimu akiita majina asubuhi nilikuwa naitika "nipo" kwa sauti ndogo hata akaandika mara mbili kwamba sipo, nami nikaona afadhali niadhibiwe kwa utoro kuliko nirudie kusema. Kila mwanafunzi alilazimika kuwa na chama. Kulikuwa na mdahalo, huko unasimama mbele ya watu. Kulikuwa na kwaya, huko unafungua mdomo. Nikachagua matunda. Mche haukuulizi swali. Nikwambie kweli, sikuyapenda matunda zaidi ya mtu mwingine yeyote. Nilipenda kwamba mtu anaweza kufanya kazi saa mbili akiwa amewapa wenzake mgongo.

Lakini kazi ile haikuwa ya mchezo. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama darasa, za watu waliohamishwa kutoka makazi yao ya zamani yaliyotawanyika milimani. Walikuwa wamebomoa, wamebeba milango na masufuria, wamekuja. Kitu ambacho mtu hawezi kukibeba kichwani ni mti. Migomba walirudi kuchukua machipukizi yake, muhogo walikata vijiti vyake, lakini aliyekuwa na mchungwa uani, aliuacha huko ukizaa kwa ajili ya nyani. Chungwa sokoni Kasulu lilikuwa kitu cha kutazamwa. Mengi yalipanda na magari kutoka huko chini ziwani, mengine yalipitia Manyovu mpakani, na bei yake ilitufanya tununue moja tugawane wanne. Kwa hiyo mkuu wa shule alipotangaza mbele ya mkutano wa kijiji kwamba Chama cha Matunda kitatoa miche arobaini ya michungwa, kaya arobaini, kila kaya mche mmoja, wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Mwalimu Haule alikuwa mtu wa Songea, mfupi, mwenye kofia ya kaki ambayo hatukuwahi kuona kilichokuwa chini yake. Jembe la kwetu lilimshinda kwa urefu wa mpini lakini kisu kidogo hakikumshinda. Alitufundisha kwamba mlimau una mizizi migumu, unavumilia udongo wetu na kiangazi chetu, ila tunda lake ni kali. Mchungwa una tunda tamu lakini mizizi yake ni ya kudekezwa. Basi unachukua miguu ya huyu, unampa kichwa cha yule. Nailoni tulipewa na Bwana Salumu mwenye duka, ilikuwa ndani ya magunia yake ya sukari, na sisi ndio tuliokata mikanda kwa wembe. Mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nilipewa daftari la chama: mche namba fulani, umebebeshwa lini, jicho limeshika au halikushika. Siku moja, wenzangu wakigombania ndoo kule mbele, Mwalimu alisema maneno ambayo nadhani niliyasikia peke yangu. Niliyaandika vilevile katika daftari langu la siri: "Kinachotoka kwenye jicho ni chungwa. Kinachotoka kwingine kokote ni limau, hata kikiwa kizuri namna gani. Kikate." Akasema atatueleza wote vizuri wakati ukifika.

Mtu wa kwanza kijijini kututembelea alikuwa Mama Bukuru. Alikuwa mama wa mapacha, Bukuru na Butoyi, wavulana wawili waliokuwa wakimfuata kama vifaranga, na kila Jumatano alipita kitaluni akitoka sokoni, kikapu cha dagaa kichwani, kuja kumwamkia mche wake. Simzushii. Alikuwa amechagua mmoja, akaufunga uzi mwekundu, na akifika alikuwa anaushukia kwa kupiga makofi polepole, viganja vimejikunja, kama desturi ya Waha wanaposalimiana: mwidiwe, mwidiwe, hali ya nyumbani, hali ya watoto, hali ya mvua. Wasichana waliangua kicheko. Yeye hakujali. "Chekeni," alisema. "Kule kwetu mlimani nilikuwa na mchungwa, alioupanda marehemu mume wangu. Nilipouaga sikuulilia, nikasema mti ni mti. Nimefika huku nimeota harufu yake miezi miwili." Kisha alinipa majivu aliyoyaleta kwenye kibuyu, ya kutia shinani kuzuia mchwa, akaniuliza kwa Kiha, kwa kuwa alishajua mimi ni mtu wa Murungu, "Mwanangu, huyu wangu ameshika?" Nami nilifungua daftari, nikamwonyesha alama, ingawa kusoma hakujua. Pamoja naye niliweza kusema. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu naye alikuwa akiongea na mti.

Mwezi wa tano Mwalimu Haule akapata uhamisho. Mambo ya serikali hayana hodi: barua ilifika Alhamisi na Jumamosi alikuwa juu ya lori, godoro lake limekunjwa, kofia kichwani. Siku mbili hizo alizitumia kukata vichwa vya milimau yote arobaini, ili nguvu ya mzizi iende kwenye jicho la mchungwa. Tulisimama kando ya barabara kumuaga. Injini ilikuwa ikiunguruma, yeye akainama kutoka juu, akapaza sauti: "Msisahau kupunguza machipukizi! Kila mche ubaki na chipukizi moja! Moja tu!" Edita, mwenyekiti wetu, akapunga mkono: "Tumeelewa, Mwalimu!" Lori likaondoka na vumbi lake. Hakuletwa mwingine badala yake. Mwalimu wa jiografia akapewa chama chetu kwa jina, akaja kitaluni mara moja na viatu vyeupe, hakurudi tena.

Edita alikuwa kidato cha tatu, binti wa hapohapo Kasulu, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nilimpenda na nilimwogopa, kama wote. Baada ya wiki tatu miche ilikuwa imechipua, na kwenye ishirini na minane kati ya ile arobaini yalitoka machipukizi mawili: moja dogo, la kijani kilichofifia, likitoka taratibu palepale kwenye jicho; na jingine nene, refu, lenye majani yanayong'aa, likitoka chini kidogo au upande wa pili wa shina. Tukaitana Jumamosi asubuhi tupunguze. Kisu nilipewa mimi, eti nina mkono mtulivu. Nikapiga goti kwenye mche wa kwanza, nikaweka kisu kwenye lile nene.

"We Yustina!" Edita akaniita. "Unafanya nini?"

"Nakata."

"Unakata lenye afya? Kwenu Murungu mnapunguzia mahindi vipi?"

Wakacheka wote. Mwenzangu, ni lazima uelewe, sisi sote tulikuwa mabinti wa wakulima. Tangu tuna miaka mitano tumepunguzia mahindi na mtama nyuma ya mama zetu. Shimo likiota mawili unang'oa dhaifu, unaacha lenye nguvu, na ukikosea unapigwa konzi. Jambo hilo halikuwa elimu kwetu, lilikuwa mikononi. Mmoja akasema, "Mwenye nguvu mpishe." Mwingine akasema, "Mpe kisu mtu mwingine, huyu atatumalizia miche." Nilikuwa na maneno ya Mwalimu kifuani, yale niliyoyaandika. Nilijua kabisa yako ukurasa gani. Nilihitaji tu kusema, ngojeni, nikachukue daftari. Maneno matatu. Lakini macho ya wasichana kumi na wanane yalikuwa juu yangu, na shingo yangu ikaanza kuwaka moto kama ilivyokuwa kawaida yake, nikajisemea labda nilisikia vibaya, labda Edita anajua. Nikahamisha kisu. Nikakata lile dogo. Nikaenda mche wa pili, nikakata dogo. Nilikata ishirini na manane kwa mkono wangu mwenyewe, mkono mtulivu, hata ule wenye uzi mwekundu. Ile kumi na miwili mingine haikuwa na cha kupunguza, ilikuwa na chipukizi moja tu, lile dogo la kwenye jicho. Tukaiacha kwa kuihurumia. Edita aliiita vilema.

Siku ile nimeandika mstari mmoja tu daftarini: "Leo tumepunguza. Sina hakika." Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kilichozaliwa kilikuwa kikikua mbele ya macho yangu kila siku. Ilikua, Mungu wangu, jinsi ilivyokua! Kiangazi chote tulichota maji kijitoni, ndoo kichwani, nyasi zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga, na ile ishirini na minane ilipanda kama inafukuzwa. Mwezi wa nane ilinifika kifuani. Mkuu wa shule alileta wageni kuitazama. Edita alisifiwa mkutanoni, naye akasimama akasema sifa ni za chama chote, akanitaja na mimi kwa jina, "hasa Yustina, mkono wetu." Watu walinipigia makofi. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kupigiwa makofi, nami niliinamisha kichwa, wao wakadhani ni haya.

Mwezi wa kumi sikuweza tena kujidanganya. Nilikuwa namwagilia peke yangu, miiba ikanikwaruza mkono, miiba mirefu kuliko niliyoizoea, nikachuma jani nikalisugua viganjani. Nikanusa. Nikaenda kwenye mmoja wa vilema, uliokuwa unanifika gotini, nikachuma jani lake, nikalisugua, nikanusa. Hata kipofu angejua. Nilikaa chini kati ya mistari miwili na ndoo tupu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawakusema habari za mti. Mti ukidanganya unachukua miaka minne. Kaya ishirini na nane zingepalilia, zingemwagilia, zingefukuza mbuzi, zingezungushia miiba, zingengoja miaka minne chungwa tamu, na siku ya siku mtoto angepanda, angechuma, angeuma. Na sisi tungekuwa wapi? Niliandika daftarini: "Ni malimau. Nimeyakata machungwa mimi." Nikalifunga, nikalirudisha chini ya godoro, na Jumatano ikafika.

Mama Bukuru alikuja na habari. Alikuwa ameshachimba shimo, yeye mwenyewe, mbele ya mlango, penye kupata jua la asubuhi. Alinionyesha kina chake kwa mkono wake mwenyewe, mpaka begani. Alikuwa ametia samadi na majani, na jirani yake alipotaka apande maboga palepale kwa muda, amemkatalia. "Nimemwambia mahali hapa pana mwenyewe," alisema, "yuko shule, anamaliza masomo." Akajicheka. Mapacha wakacheka kwa kuwa mama yao amecheka. Akaushika mche wake, uliokuwa umeshawapita mapacha kwa urefu, akaupima kwa macho.

"Mama," nikasema.

"Ehe?"

Nilikuwa na kila kitu mdomoni. Nilitazama ule uzi mwekundu.

"Hakuna. Chunga miiba."

"Miiba si kitu," akasema. "Hata mume wangu alikuwa na miiba."

Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kurudi, tulivuka kijito na miche arobaini, kila mmoja kwenye kikapu cha majani ya mgomba. Kiwanjani kulikuwa na ngoma, katibu wa kata kwenye kiti, mkuu wa shule kwenye kiti cha pili, na watu wameketi kwa mistari. Edita alihutubia. Alisema katika miaka minne kijiji hiki kitawauzia machungwa watu wa ziwani. Mimi nilipewa orodha ya kaya niisome, kwa kuwa niliiandika mimi, na waandaaji walikuwa wameamua wazee na wajane wapewe iliyo mirefu, na vilema vibaki mwisho wa orodha. Nilisoma. Sauti yangu haikufika hata mstari wa pili. Edita alikuwa anarudia kila jina kwa sauti yake na watu wanakuja. Mtu mmoja wa mwisho, Baba Yohana, alikuwa ameshaona vile vifupi vinavyomngoja, akasema kwa sauti, "Changu nitampa mbuzi!" Watu wakafa kwa kicheko.

Kisha jina la Mama Bukuru. Alikuja amevaa kanga mpya, mikono amenyoosha mbele, kama anapokea mtoto kwa mkunga. Mimi ndiye niliyemkabidhi. Vidole vyake viligusa vyangu chini ya kikapu, na sijui ni nini kilichovunjika, nikasema kwa Kiha, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimenikimbia chote: "Mama, huu ni mlimau. Na mingine mirefu yote. Nilikata chungwa, nikaacha limau."

Alinitazama. Walionisikia labda ni watu watatu. Mmoja alicheka akidhani natania.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza, taratibu.

"Tangu mwezi wa tano. Kwa hakika tangu mwezi uliopita."

"Na mimi nimekuja kila Jumatano."

Ngoma ililia palepale kumshangilia, Edita akaniondolea karatasi mkononi, akaita jina lililofuata mwenyewe. Mama Bukuru aligeuka na mche wake, akapita katikati ya watu bila kuniaga, bila lile kofi la viganja vilivyojikunja, mapacha nyuma yake. Na miche mingine ikaendelea kutoka, mmoja baada ya mwingine, watu wanafurahi, wanaipakata, wanaenda nayo nyumbani. Nilikuwa nimesema. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema, na ilikuwa kama sikusema, kwa kuwa nilisema kwa sauti ya kumfikia mtu mmoja tu.

Tukirudi, kwenye daraja la magogo, Edita akanishika kiwiko. "Ulimwambia nini yule mama? Mbona aliondoka vile?"

"Nilimwambia ukweli. Ile mirefu ni malimau, Edita. Mwalimu alisema tukate kinachotoka pembeni. Niliandika. Sikusema."

Alisimama. Nilidhani atanipiga. Uso wake ulibadilika polepole, nikamwona akihesabu, akikumbuka lile dogo na lile nene, konzi la mama yake, Mwenye nguvu mpishe. Alikuwa na akili, alielewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Nyamaza," akasema mwishowe. "Umenisikia? Miaka minne! Wewe utakuwa umeolewa, mimi nitakuwa mbali. Nani atatukumbuka?" Lakini sauti yake, ile ya kuita ng'ombe, ilikuwa ndogo kama yangu.

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Kasulu ya leo ukipita barabarani unaona miche ya kila aina imepangwa kwenye viroba vyeusi, maembe, maparachichi, machungwa, yote ya kubebesha, na kijana mwenye simu anakuambia jina la kila mmoja na lini utazaa. Ukidanganywa unampigia siku hiyohiyo. Si vibaya. Nafurahi kwamba mtoto wa leo anakula chungwa zima bila kugawana na watatu. Ila nawaona wananunua mche kama wanavyonunua soda, na hakuna anayeuamkia. Na mimi nimekuwa msemaji, nimefundisha shule miaka mingi, wanangu wananiomba ninyamaze. Wakiniuliza nilijifunzia wapi kusema, hudhani nitataja chuo. Upande ule wa kijito mpaka leo huwezi kukosa limau la kukamulia dagaa. Baadhi ya milimau ile ilikuja kubebeshwa upya, bwana shamba alipopatikana, mingine wenyewe waliizoea wakaikatalia kisu. Sioni aibu tena nikiipita. Aibu ninayo kwa ule mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja, miezi ya kitu kizuri kikikua na mimi nikijua. Nikipima siku zile na hizi, sitamani maisha ya bweni wala maji ya kijito. Ninachokitamani ni ule uzito: neno moja lililoweza kukaa miaka minne ndani ya mti, na mtu wa kulitoa akawa ni wewe peke yako.

Kesho yake, baada ya kugawa miche, ilikuwa Jumapili. Wenzangu walipopanga mstari kwenda ibada, mimi nilishuka kitaluni, nikavuka daraja, daftari langu la siri kwapani. Umande ulikuwa bado. Nilimkuta Mama Bukuru ameketi kizingitini, mche wake umelala kando ya shimo, haujapandwa. Sikujua nianzie wapi, nikafungua ule ukurasa wa maneno ya Mwalimu, nikamsomea, kisha nikamsomea ule wa mwezi wa tano na ule wa mwezi wa kumi, yote, hata mahali nilipoandika kwamba nilitamani miche ife. Alisikiliza akichokonoa udongo kwa kijiti.

"Watu wangapi wanajua?" akauliza.

"Wewe na Edita."

"Na wale waliopewa vifupi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka Baba Yohana na mbuzi wake. Nadhani naye alikumbuka wakati uleule, kwa maana alisimama kabla yangu. Akauokota ule mlimau, akautupia begani kama jembe.

"Twende. Tutaanza kwake, kisha nyumba zote."

"Mama, mimi sauti yangu..."

"Sauti yako ni ya kuku mgonjwa, naijua. Hodi nitabisha mimi. Kusema utasema wewe."

Nyumba ya Baba Yohana ilikuwa ya tatu mstari wa nyuma. Alikuwa uani na mswaki wa kijiti mdomoni. Mche wake mfupi ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo, kikapu kimeshafunguka, na hatua mbili kutoka pale mbuzi jike alikuwa amenyoosha kamba yake mpaka mwisho, midomo inatafuta. Mama Bukuru akapiga hodi. Kisha akanisukuma mbele kwa kiganja chake kati ya mabega yangu. Shingo yangu ikawaka moto. Nikasema, na mbuzi mwenyewe aligeuka kunitazama: "Baba, mwondoe huyo! Huo ndio mchungwa!"